Nyaya za intaneti ndani ya mabomba ya majitaka: napinga bomba moja, naunga mkono mtaro mmoja

Wadau,

Kila barabara ya mtaa inapochimbwa kupitisha faiba, yaani nyaya za kioo za intaneti, tena palepale watu wa maji walipochimba juzi tu, hoja hii inarudi: kwa nini nyaya zisipite kwenye mabomba ya majitaka ambayo tayari yako chini? Wanaoitetea hutaja Paris na Tokyo. Hasira yao naielewa, lami yetu imejaa viraka. Dawa yao ndiyo siikubali.

Tuanze na Paris. Mitaro mikuu ya majitaka ya jiji lile, iliyosimamiwa na mhandisi Belgrand kuanzia miaka ya 1850, ni mahandaki. Mtu anatembea wima, pembeni ana njia ya miguu, na mabomba ya maji safi yamefungwa ukutani. Humo ndimo ilimopita mirija ya kusukuma barua kwa hewa, kuanzia 1866 hadi 1984. Faiba ilipokuja, fundi aliingia, akafunga waya ukutani, akatoka. Mkondo wa uchafu unapita chini yake bila kuguswa.

Tokyo ni habari nyingine. Kule idara ya majitaka yenyewe ndiyo iliyoanza kutandaza nyaya miaka ya 1980, ili iendeshe vituo vyake vya pampu kutoka mbali. Mwenye bomba ndiye aliyekuwa mwenye waya, kwa hiyo waya ukileta shida anajua wa kumlaumu.

Sasa njooni Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka kabisa, watu wana mashimo na wanasubiri gari la kunyonya. Mtandao usiofika chooni kwa mtu utamfikishiaje intaneti sebuleni? Na pale bomba lilipo, la mtaani ni la inchi sita au nane. Fungueni chemba moja iliyoziba mtazame kinachotolewa: matambara, taulo za kike, mafuta ya kupikia yaliyoganda, mchanga wa mvua. Mafundi wanasukuma fimbo ndefu au maji ya presha kubwa mpaka njia ifunguke. Ukipitisha waya humo, kila tambara linapata pa kujinyonga, na ile fimbo ya kuzibulia ndiyo itakayoukata.

Najua nitajibiwa kwamba faiba ni kioo, haipitishi umeme, na majimaji hayaiunguzi. Kweli kabisa. Mimi wasiwasi wangu ni choo. Majitaka yakifumuka uani kwa mtu mwenye watoto, fundi aanze kuomba ruhusa ya kampuni ya simu kabla ya kuzibua? Jiji lenye historia ya kipindupindu halina nafasi ya mchezo huo. Tena kuna gesi ya haidrojeni salfaidi humo chembani, ikizidi pua haiisikii tena na mtu anaanguka. Kila waya unaoongezwa ni sababu nyingine ya kumshusha kijana mle.

Ninachopendekeza ni hiki. Mtaro unaochimbwa kulaza bomba jipya la majitaka ukiwa bado wazi, kama ilivyo kwenye miradi ya aina ya Mbezi Beach, lilazwe humo bomba jembamba tupu, juu na pembeni ya lile la majitaka, likiwa na chemba zake. Limilikiwe na umma, kampuni zote zikodi kwa bei moja, na kodi hiyo ilipie usafishaji wa mabomba ya majitaka. Na kibali cha kuchimba barabara ya mtaa ambao tayari una bomba hilo kisitolewe tena.

Kuna swali moja bado linanisumbua, na wahandisi na wahasibu mlioko humu mnisaidie: bomba tupu likikaa miaka mitano bila mpangaji, gharama yake aibebe nani? Nikisema mamlaka ya maji, nitakuwa nimempandishia bili mteja ambaye hata simu janja hana. Nikisema kampuni za simu zichangie mapema, zile ndogo zitakwama mlangoni. Wanaopinga waanzie hapo.