Mjadala: Kuanzia kizazi cha SJ, Subaru Forester inashika njia vizuri zaidi au tumepunjwa?

Mwenye mada

Masika yakiingia huku Mombasa mabishano haya hayakosi. Mtu akikwama njia za ndani za Kinango au kwenye mchanga wa Diani, hachelewi kuambiwa, "Ungekuwa na SG ungepita," yaani Forester ya zamani (vizazi vyake kwa mfuatano ni SF, SG, SH, SJ na SK). Sasa hivi imetiwa na siasa: wako wanaosema sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 ndiyo iliyotunyang'anya Forester zenyewe na kutuachia za kompyuta.

Sheria mnaijua. Umri unahesabiwa tangu usajili wa kwanza, kwa hiyo mwaka 2025 bandari ilipokea lililosajiliwa 2018 au baadaye. SJ ilitoka Japani mwishoni mwa 2012, SK ikaipokea 2018. Basi SJ ndiyo hiyo inafungiwa mlango, na anayeagiza sasa ataletewa SK, atake asitake. SG za 2002 hadi 2007 zimebaki za kuuziana sisi kwa sisi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnishambulie vizuri: kwenye njia mbovu, SJ na SK zinaishinda SG ya otomatiki. Sheria ya miaka 8 ina ubaya wake, lakini huu haumo.

Tazameni kilichomo ndani. SF ya 1997 na SG, zikiwa za gia ya mkono, zina difu ya katikati inayogawa nguvu nusu kwa nusu, mbele na nyuma. Upande mmoja ukizunguka kasi kuliko mwenzake, mafuta ya silikoni yaliyo baina ya visahani vya ile difu hupata joto, yakatanuka, yakavishikanisha. Hakuna waya wala sensa. Hizo sina ugomvi nazo. Lakini ngapi mjini hapa ni za gia ya mkono? Nyingi ni otomatiki ya gia 4, na hiyo haina difu ya katikati kabisa. Ina klachi ya visahani vingi mkiani mwa giaboksi, inabanwa kwa presha ya mafuta, na anayeamua ibanwe kiasi gani ni kompyuta. Hilo gari mnalolisifu kwamba halina kompyuta linayo tangu enzi za SF! SH iliyokuja mwisho wa 2007 ikaendelea na mpango uleule, na hata SJ na CVT yake, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, bado ina klachi ya aina hiyo.

Kilichogeuka ni baina ya tairi la kulia na la kushoto. Kwenye difu ya kawaida, tairi moja likiwa hewani ndilo litakalozunguka, lile lililo ardhini litasimama likitazama. Baadhi ya SG zilipewa LSD nyuma, yaani difu inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake, nayo ni ya silikoni vilevile, na mbele hazikupewa kitu. SJ haina haja ya LSD: breki inalikamata tairi linalozunguka bure, liwe la mbele au la nyuma, na nguvu inahamia kwa mwenzake. Ukibonyeza X-Mode, kile kitufe cha njia mbovu, breki hizo zinawahi zaidi, pedeli ya mafuta inakuwa pole, na klachi ya katikati inabanwa zaidi.

Sasa chukueni njia iliyochimbwa na mvua, mtaro umekatiza mshazari. Tairi la mbele kulia liko hewani, na la nyuma kushoto pia. SG ya otomatiki yenye LSD iliyozeeka haitoki hapo bila watu wa kusukuma. SJ itakoroma, breki zitatafuna kwa kelele mpaka ufikirie kuna kitu kimevunjika, kisha itapanda.

Dereva wa Likoni

Ndugu yangu, umechagua uwanja unaokufaa wewe. Njoo mchangani. Mchanga hautaki kushikwa tairi, unataka mwendo. Ukipoteza mwendo umekwisha. Hizo breki zako zinapolikamata tairi ndizo zinazokuzamisha, na VDC, ile kompyuta ya kuzuia gari kuteleza, nayo inakata nguvu ya injini wakati unaihitaji hasa. SG ya gia ya mkono unaweka gia ya pili, unaachia, hushiki breki wala hubadilishi gia mpaka utokee upande wa pili. Na hapo hujazungumzia CVT inavyopata joto mchangani, ile taa ya joto la mafuta ya giaboksi ikiwaka huna la kufanya ila kusimama na kungoja.

Wakala wa magari, mjini

Wateja wangu wa SK hawajawahi kunilalamikia. Teknolojia inakwenda mbele, hairudi nyuma.

Dereva wa Likoni

Mwamba ngoma huyo.

Mwenye mada

Kwa SG ya gia ya mkono mchangani nakuunga mkono, na juu nilishasema hizo sina ugomvi nazo. Lakini VDC ina kitufe cha kuizima, kiko pale pale kwenye dashibodi, watu hawakibonyezi. SK ndiyo imekwenda mbali zaidi. X-Mode yake ina sehemu mbili, na ile ya theluji nene na tope inaacha matairi yazunguke bila kukatiwa nguvu, kwa sababu hiyo hiyo unayoisema: kuna ardhi inayotaka mwendo. Watengenezaji wenyewe wameliona. Kumbuka tu kwamba X-Mode inajizima ukipita kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo anayeingia mchangani mbio akiitegemea atajikuta peke yake.

Halafu niambie, wangapi wanaokwama Diani wametoa upepo kabla ya kuingia? Tairi la psi 32 mchangani linachimba. Lishushe hadi 18 au 20, linalala, linapita juu. Hilo halina habari na kizazi cha gari.

Kijana wa Mtwapa

Mbona Forester tu? RAV4 ndiyo hadithi yenyewe. Ile ya kwanza ya 1994 ilivuta tairi zote nne muda wote. Kuanzia kizazi cha tatu, 2005, unatembea na mbele tu mpaka pateleze, ndipo nyuma ipewe kazi. Ina kitufe cha kufunga klachi, na chenyewe kinaachia ukizidi kilomita 40. X-Trail T31 nayo una kizungusho cha kuchagua. Ukilinganisha na hao, Forester zote tangu SF hadi SK zinavuta nne muda wote. Mnagombana ndani ya nyumba yenye nafuu.

Mama wa Bamburi

Mimi natoka Bamburi naenda mjini, narudi. Tope naliona kwenye simu. Mtu wa namna yangu anahitaji fo-bai-fo ya nini?

Mwenye mada

Dadangu, kusema kweli huihitaji. Mvua ya Mei lami ikiwa na maji, magurudumu manne yanakusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Breki za gari la fo-bai-fo na la kawaida zinategemea tairi zilezile. Wengi wanaogonga wenzao Nyali siku za mvua walidhani kuvuta nne kunasimamisha gari.

Fundi wa Changamwe

Nimewasoma wote. Mnabishana juu ya SG na SJ, lakini gari linaloletwa kwangu si lile lililotoka kiwandani. Nitasema mambo mawili.

La kwanza ni tairi. Mtu anatobokewa na tairi moja, anakwenda kununua moja la mtumba, mengine matatu yamelika. Subaru inataka tofauti ya mzingo baina ya tairi na tairi isizidi kama milimita 6. Sita! Ukichanganya tairi jipya na zilizolika, ile klachi ya katikati inaona tofauti ya mwendo muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Malindi. Inakwaruzana, inapata joto, visahani vinakwisha au vinaganda. Halafu mwenye gari anaingia kwenye tope, haipandi, anasema "vizazi vipya hovyo." Na hili ni kwa zote, SG na SK, kwa kuwa klachi ni ya ukoo mmoja. Nina wateja wenye SG wanaoisifu kuvuta nne na kwa miaka haijavuta ila mbili.

Wengine wanafanya makusudi. Kwenye otomatiki za SF na SG, chini ya boneti kuna kishikio cha fyuzi kimeandikwa FWD. Ukitia fyuzi pale, klachi inaachia, gari linavuta mbele tu. Kiliwekwa kwa ajili ya siku umefunga tairi dogo la akiba. Watu wanaiacha humo wakidhani wanaokoa mafuta, na propela na difu ya nyuma vyote bado vinazunguka! Unaokoa kitu gani hapo?

La pili ni LSD ya SG ambayo Dereva wa Likoni anaipenda. Mafuta ya silikoni hayabadilishwi, yamefungiwa humo tangu kiwandani. Gari la 2004 sasa limepita miaka 20. Kwa nilizozishika, nyingi zimekufa, ukiinua nyuma na kuzungusha tairi kwa mkono, la pili linazunguka kinyume bila kugoma. Kwa hiyo kulinganisha SG ya leo na SJ ya leo si kulinganisha mfumo na mfumo. Mmoja uko hai, mwingine ni jina.

Dereva wa Likoni

Shikamoo fundi. Hapo umenigusa, lakini nami niulize la upande wako. Mfumo wa breki unategemea sensa za ABS zinazosoma mwendo wa kila gurudumu. Sisi tuko baharini. Chumvi inakula waya, inakula kile kipete kinachosomwa na sensa, tope la masika linamalizia. Sensa moja ikifa, dashibodi yote inawaka, ABS, VDC, na X-Mode hupewi. Kwa hiyo SJ yenye sensa moja mbovu ni sawa na SG yenye LSD iliyokufa, au ni chini yake, maana SJ haina hiyo LSD. Difu tupu mbele, difu tupu nyuma. Mnaposema mpya inashinda, semeni "mpya iliyo nzima."

Fundi wa Changamwe

Marahaba. Hiyo ni kweli tupu. Ila sensa ni kitu cha kubadilisha asubuhi ukaondoka mchana. LSD ya SG utaitafuta kwenye difu la mtumba, ambalo nalo lina umri uleule.

Mwenye mada

Sasa ndipo tumefika ninapopataka. Dereva, hoja yako si kwamba SJ haishiki. Hoja yako ni kwamba ikiharibika inaharibika kwa namna inayohitaji mashine ya kusoma hitilafu na fundi anayeelewa anachokisoma. Mtu wa Rabai ndani aliyezoea kurekebisha gari kwa spana ameachwa nyuma, na hilo ndilo la kupeleka mbele ya KEBS, shirika la viwango, na wabunge, si hadithi ya SG kupanda milima. Sheria inatusukuma kwenye magari mapya zaidi kila mwaka, gereji haihami kwa kasi hiyo. SK zenyewe baadhi ni za haibridi, zile za e-Boxer, zina betri ya pili. Wangapi kati ya mafundi wetu wa pembezoni wamefundishwa kuigusa?

Mkiniambia miaka 8 iongezwe iwe 10 kwa sababu hiyo, nitatia saini. Mkiniambia iongezwe kwa sababu SG inashika kuliko SK, siwezi.

Wakala wa magari, mjini

Ikiongezwa tutajazwa vyuma chakavu. Waulizeni nchi jirani.

Kijana wa Mtwapa

Wewe utapata gari la kuuza, liwe la miaka 8 au 10. Tulia.

Dereva wa Likoni

Mwenye mada, kwa mtaro wa mshazari nimekuachia. Mchanga sijakuachia. Na kimo umekinyamazia: tumbo la SJ na SK liko milimita 220 kutoka chini, SG iko chini kidogo ya hapo. Nusu ya ushindi wa SJ unaousifu huenda ni huo, gari halikai juu ya kigongo, matairi yanabaki ardhini. Kompyuta inasifiwa kwa kazi ya springi.

Mwenye mada

Kimo kinasaidia, sikatai. Lakini kwenye mtaro niliousema tairi ziko hewani tayari. Hapo springi imemaliza kazi yake.

Mama wa Bamburi

Mume wangu amepata SG ya mtu wa Kisauni, ameshaipenda, mimi nimeshashindwa. Fundi, basi niangalie nini kabla hajatoa pesa?

Fundi wa Changamwe

Mama, tairi nne kwanza: saizi moja, chapa moja, zimelika sawa. Zikitofautiana, ondoa kwenye bei ya gari gharama ya seti nzima, si ya tairi moja. Kisha ukiwasha gari tazama taa ya joto la mafuta ya giaboksi. Ikipepesa mara tu unapowasha badala ya kuwaka na kuzimika, giaboksi ina hitilafu iliyohifadhiwa. Endesha kwanza mpaka lipate moto, ingia uwanja wa lami kavu, kata usukani mpaka mwisho, ondoa mguu kwenye mafuta na uliache litambae. Likisita na kurukaruka kana kwamba umekanyaga breki, klachi ya katikati imeganda.

Ila kabla ya kulitoa hapo lilipoegeshwa, fungua boneti utazame kile kishikio cha FWD. Kuna wauzaji wanaotia fyuzi asubuhi ya siku ya mteja ili kona ipite laini. Itoe, mrudishie mkononi, ndipo uzunguke naye.