Fensingi ya klasta ya databesi: IPMI, PDU au SBD?

Kizito_K: Wakuu, naombeni ushauri. Tunafunga klasta ya Pacemaker (programu inayohamishia huduma seva nyingine moja ikifa) kwa ajili ya databesi, inahitaji fensingi, yaani njia ya kuizima kwa nguvu seva iliyokwama, na wiki hii lazima nipeleke orodha ya manunuzi. Kuna anayetaka PDU (soketi za umeme za rafu) inayozimwa kwa mtandao, kuna anayesema IPMI (njia ya kuiwasha na kuizima seva kwa mbali) iliyomo kwenye seva inatosha. SBD, ile inayotumia diski ya pamoja, nimeisoma juu juu tu. Nichukue ipi?

fundi_rafu: Mkuu, nodi (seva za klasta) ngapi? Seva halisi au VM (seva pepe)? Diski ya pamoja ipo? Bila hayo tutabahatisha tu.

BiCorosync: Na pawa saplai je? Kama seva inazo mbili, PDU lazima ikate zote. Ikikata moja, nodi inaendelea kuandika huku mwenzake ameshachukua databesi, na hapo utakimbilia bakapu.

Kizito_K: Nodi 2, seva halisi, pawa saplai 2 kila moja. Diski ziko kwenye SAN, hifadhi ya pamoja ya mtandao.

Hamisi_ops: IPMI peke yake siikubali kabisa. Kazini niliikuta klasta ya namna hiyohiyo. Usiku mmoja seva moja ikakosa umeme kabisa. BMC, chipu inayoendesha IPMI, inakula umeme uleule wa seva, nayo ikafa. Nodi iliyobaki ikatuma amri ya kuzima, kimya. Ikatuma tena, kimya. Pacemaker haihamishi huduma mpaka iwe na hakika kwamba mwenzake amezimwa, na inafanya vizuri kukataa. Lakini wewe unayepigiwa simu unaona seva iliyobaki ni nzima, SAN ni nzima, ila databesi imelala. Ikabidi mtu aingie chumba cha seva, ahakikishe kwa macho kuwa ile imezima, ndipo tukaandika `pcs stonith confirm`, amri ya kuiambia Pacemaker kwamba nodi imezimwa kweli.

fundi_rafu: Ndiyo maana ngazi za fensingi zipo. IPMI ngazi ya 1, ikishindwa PDU ngazi ya 2. Ila kwa mwenye SAN mimi ningeanza na SBD: amri ya kujizima inaandikwa kwenye patisheni ndogo ya pamoja, nodi inaisoma na kujizima. Ikiwa imeganda, wochidogi ya maunzi (kipima muda cha kwenye seva) inaiwasha upya. Softdog, wochidogi ya programu tu, usiiguse, kenali ikiganda nayo imekwenda.

BiCorosync: Mwambie na bei yake. Msgwait, muda wa SBD kusubiri amri itekelezwe, huwekwa angalau mara 2 ya muda wa wochidogi, na huduma haihami mpaka muda huo uishe.

Nodi_ya_Tatu: Mmesahau kuzimana. Nodi ni 2, mtandao wa kati ukikatika kila moja inadhani mwenzake amekufa na zote zinafyatua. Weka pcmk_delay_base (ucheleweshaji wa fensingi) kwa upande mmoja, au ongeza qdevice, mpiga kura wa tatu wa nje, upate akidi ya kweli.

Hamisi_ops: Na kwa IPMI weka HandlePowerKey=ignore kwenye logind (huduma ya Linux inayoshughulikia kitufe cha pawa). Bila hiyo nodi inaanza kujifunga taratibu wakati tunataka ife papo hapo.

Kizito_K: Qdevice inaweza kukaa kwenye VM?

Nodi_ya_Tatu: Inaweza, mradi VM isitegemee klasta hiyohiyo.

BiCorosync: Kabla ya qdevice, BMC zimechomekwa swichi gani? Kama ni ileile inayobeba Corosync (mawasiliano ya nodi za klasta), swichi ikifa umepoteza vyote viwili kwa mpigo.