Mama auzie broka sasa ama aweke kwa ghala la risiti?

mtu_wa_umoja
Wadau niaje. Mamangu ako Trans Nzoia, amevuna magunia kama 40 ya mahindi na broka ashaingia boma na lori na pesa mkononi, anataka kubeba yote kabla ya Krismasi. Kila mwaka ni hivyo, tunauza Desemba juu ya fizi ya Januari, halafu ikifika Juni mimi huku Nairobi nanunua gorogoro (ule mkebe wa kupimia) bei ya kuumiza na pengine ni mahindi yetu yale yale. Naskia kuna risiti za ghala, sheria ilipita 2019. Kuna mtu ametumia ama ni stori tu?

kijana_wa_stoo
Si stori. Unapeleka kwa ghala lenye leseni, wanapima uzito na gredi, unapewa risiti na mahindi yanabaki yako. Fizi ikibana unaenda nayo benki unakopeshwa, bei ikipanda unauza ile risiti, mnunuzi ataenda kujibebea mzigo. Lakini ada ya stoo iko na riba iko, bei isipopanda umeumia mara mbili.

babake_shiru
Risiti sio shida, shida ni unyevu. Mwisho ni asilimia 13.5. Mimi nililipa lori hadi ghala fulani mita ikasoma 16, nikarudishwa, nikalala juu ya magunia, asubuhi broka akanichukulia hapo hapo geti kwa bei ya kutupa, na nakwambia huyo alikuwa ananingoja. Anika kwa turubai, usimwage chini kwa mchanga, sumukuvu (sumu ya ukungu) sio mchezo, 2021 si mnakumbuka vile mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa mpakani?

nafaka_nyamakima
Mnatutukana tu lakini nani mwingine ataingia hayo matope na lori alipe keshi papo hapo? Dizeli, sesi (ushuru wa mazao) ya kaunti, wabebaji, yote juu yangu. Wazee waulizwe, kabla soko lifunguliwe miaka ya 90 kuvusha magunia wilaya hadi wilaya ilikuwa mpaka kibali. Ila broka wa gorogoro iliyobondwa ili apunje watu simtetei. Magunia 40 ni kidogo, mama aungane na majirani wakodi mashine ya kukausha.

mtu_wa_umoja
Asanteni. Nimempigia, atauza 10 za fizi, hizo 30 zinaanikwa. Broka kuskia hivyo akaongeza 200 kwa gunia, mama amecheka tu akamwekea chai. Sasa nani ako na mita ya unyevu Kitale ya kuazima siku moja?