Zamu za Kumhudumia Doa

Neema, saa 1:10 asubuhi
Habari za asubuhi, ndugu zangu. Shikamoo Babu, shikamoo Mama Mkubwa. Doa amerudi kutoka kwa daktari wa mifugo. Mfupa wa paja umeungwa kwa bamba la chuma na skrubu, nasi tumeambiwa kwamba mfupa wa mbwa aliyekomaa huchukua takriban wiki 8 hadi 12 kushikana, mradi asiruke wala asikimbie. Ninaomba kila mmoja aandike hapa siku yake ya zamu kabla ya jioni.

Neema, saa 1:16 asubuhi
Nyuzi zitatolewa baada ya siku 10 hadi 14. Hadi wakati huo kola ya plastiki isivuliwe, hata akiwatazama kwa macho ya kuombea huruma, kwa sababu akipata dakika chache za kulamba kidonda anaweza kuufumua mshono wote. Atoke nje kwa haja tu, akiwa amefungwa kamba, na sakafu ya vigae itandikwe mikeka yote iliyopo, maana akiteleza vibaya mguu unaweza kuvunjika upya.

Neema, saa 4:02 asubuhi
Ninaona wengi mmesoma. Ninasubiri majibu.

Baraka, saa 4:30 asubuhi
Pole kwa kazi, dada. Ninaweza kuchukua Jumatano. Shida ni kwamba hata alipokuwa mzima alikuwa akijificha nyuma ya kabati kila nilipoingia. Je, nimtoe kwa nguvu ili apate dawa?

Neema, saa 4:34 asubuhi
Usimtoe kwa nguvu hata kidogo, Baraka. Mbwa mwoga mwenye maumivu akibanwa pembeni huuma. Keti sakafuni ukimpa ubavu, usimkodolee macho, usimwinamie kutoka juu. Mtupie kipande cha nyama karibu na alipo, kisha kingine, na umwache aamue mwenyewe kama atasogea. Akijilamba midomo bila kuwa na chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso, au ukiona weupe wa pembe za macho yake, ujue umemkaribia mno, basi rudi nyuma. Dawa ifichwe ndani ya nyama.

Juma, saa 4:41 asubuhi
Mimi pia hupiga miayo na kugeuza uso kwenye vikao vya familia, lakini hakuna aliyewahi kunitupia kipande cha nyama.

Salome, saa 4:42 asubuhi
😂😂 Wewe ukitupiwa hutaondoka hata wiki 12 zikiisha.

Mama Mkubwa, saa 5:20 asubuhi
Marahaba, mwanangu. Ninavyo vidonge vyangu vya magoti. Nivilete, mnyama asiteseke?

Neema, saa 5:21 asubuhi
Ninakuomba sana usivilete, Mama Mkubwa. Ibuprofeni inaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli inaweza kuharibu ini. Apewe tu alichoandikiwa na daktari wa mifugo. Ninawaomba wote mthibitishe kwamba mmelisoma hili.

Juma, saa 5:25 asubuhi
Basi Mama Mkubwa amwazime ile fimbo, watembee pamoja.

Neema, saa 5:26 asubuhi
Juma, nimeomba uthibitisho. Alhamisi, Jumamosi na Jumapili bado hazina watu.

Mjomba Elia, saa 7:48 mchana
Ninauliza kwa nia njema. Mbwa huyu ni mwoga tangu aletwe, na sasa ameumia. Kwa nini asipelekwe mahali penye nafasi zaidi, kama ilivyofanyika kwa yule mbwa wa kwanza, Popo?

Sara, saa 7:50 mchana
Mjomba, Popo aliondolewa sisi tukiwa shuleni, na aliyemfungulia geti siku ile yumo humu kikundini.

Baraka, saa 7:55 mchana
Sara, jambo hilo tulikwisha kulizungumza.

Sara, saa 7:55 mchana
Mlilizungumza ninyi.

Babu, saa 9:15 alasiri
Marahaba, wajukuu. Nimesomewa yote. Popo aliondolewa nyumbani kwangu bila mimi kuulizwa. Doa haondoki. Atalala katika chumba kilicho karibu na changu, ambako hakuna vishindo. Na asitokee mtu wa kumchapa kwa sababu amenguruma, maana mbwa anayenguruma anakuonya, na ukimwadhibu kwa kuonya atajifunza kuuma kimyakimya. Nimemaliza.

Mjomba Elia, saa 10:40 alasiri
Nimesikia, Baba.

Neema, saa 10:52 alasiri
Ahsante, Babu. Mikeka itahamishiwa huko leo.

Salome, saa 11:05 jioni
Dada, nilikuwa nimefikiria kuwaleta watoto wote wa jirani ili amzoee kila mtu kwa siku moja. Tena nimesikia kwamba ukimbembeleza mbwa anayetetemeka unamzidishia woga. Je, ni kweli?

Neema, saa 11:12 jioni
Si kweli, Salome. Woga ni hisia, hauongezeki kwa sababu umemfariji. Akikujia mwenyewe, mpokee. Kundi la watoto, hata hivyo, litamlemea na kumfundisha kwamba watu hawakwepeki. Aje mmoja, akae mbali, atupe nyama, aondoke. Hata mlio wa pikipiki uliomtia hofu tutaurejesha hivyohivyo: tutaurekodi na kumsikilizisha kwa sauti ndogo sana wakati anakula, tukiipandisha kidogokidogo iwapo tu anaendelea kula.

Daktari akiruhusu, matembezi yataanza kwa dakika 5, mara chache kwa siku, na polepole kabisa. Mbwa akienda mbio huuning'iniza mguu mbovu na kutumia mitatu, lakini akienda polepole hulazimika kuukanyagia, na hivyo ndivyo misuli ya paja iliyopungua inavyorudi. Uvivu wa mwenye kushika kamba utakuwa na faida, kwa hiyo Juma ninakuandika Jumamosi.

Juma, saa 11:20 jioni
Nimekubali, na nimesoma habari ya vidonge.

Sara, saa 1:30 usiku
Ninachukua Alhamisi. Sitaki kuwa zamu moja na Baraka.

Neema, saa 1:33 usiku
Baraka ni Jumatano. Mtakabidhiana dawa tu, na mtaandika saa aliyopewa. Jumapili bado iko wazi.

Mjomba Elia, saa 4:17 usiku
Samahani, nilikuwa njiani. Zamu ya Jumapili inaanza saa ngapi?

Neema, saa 4:18 usiku
Saa 12 asubuhi, Mjomba. Je, unaichukua?