Nimeandikiwa POLE kwa kalamu nyekundu kwenye slipu ya mshahara

Wakuu, wasimamizi msiuhamishe huu uzi, mikono bado inatetemeka.

Mnamjua. Kama umewahi kuajiriwa Kigoma mjini unamjua, yule mhasibu wa miwani ya kamba na kikokotoo kikubwa kuliko redio ya babu. Simtaji.

Leo mshahara umetoka. Mchana nashika kaunta, jioni nasoma stashahada, usiku nalala chumba kimoja huku Gungu, choo tunagombea watu kumi na wanne na kuku. Nikaingia kwake kwa adabu zote, shikamoo mzee, nikauliza: kwenye 480,000 yangu mbona mmekata PAYE, hii kodi ya mshahara, bila kutoa kwanza pango na ada? Mtu halali barabarani wala hasomi bure.

Akavua miwani. Akaifuta. Ofisi nzima kimya, hata feni ilisimama. "Kijana, kodi haipunguzi kodi." Wakacheka mpaka dada wa usafi akaangusha ndoo. Halafu, wakuu, HALAFU akavuta slipu yangu, akafungua kalamu nyekundu, akaandika POLE. Herufi kubwa. Akapiga na tiki, kama mwalimu wa darasa la pili.

Angenitukana ningevumilia. Lakini POLE? Nyekundu? Nimetembea hadi Mwanga naona kila bodaboda ameisoma. Mama mmoja wa dagaa kaniambia "pole mwanangu" nikataka kulia, kumbe kanikanyaga.

Serikali namlipa kodi, mwenye nyumba namlipa kodi, halafu naandikiwa POLE. Nyekundu!

MaweseHalisi: Leta picha ya slipu tuone mwandiko.

Karani_Mstaafu: Mzee kakosa adabu ila hajakosea hesabu. Mwajiriwa haondolewi pango wala ada kwenye PAYE, hicho kitu hakipo. Kinachotoka kwanza ni mchango wako wa pensheni NSSF, 48,000. Inabaki 432,000. Hapo 270,000 haiguswi kabisa, asilimia 8 inapigwa kwenye 162,000 tu. Ni 12,960. Kwa 12,960 ndiyo mikono inatetemeka?

Mleta uzi: Mzee wangu, sijalia hela. Nalilia KALAMU.

Karani_Mstaafu: Basi uzi ungeupeleka jukwaa la vifaa vya ofisi.

Mwana_Kibirizi: Hahaaa. Huyo huyo mimi alinigongea muhuri wa IMELIPWA kwenye barua ya kuomba likizo. Mpaka leo sijui nilikubaliwa au nilinunuliwa.

TichaKasulu: 12,960 na wewe unaita makato? Kama ulikopa, maliza chuo bodi ya mikopo ikuonje. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mimi slipu yangu ningeandikiwa POLE ningeona nimefarijiwa.

Vibarua_Viwili: Ajira ya pili wananikata 30 kwa mia, hakuna cha 270,000 wala nini. Nimeuliza mara moja tu. Sirudii, asije akanichorea na moyo.

Mpangaji_Sugu: Mnapigana na PAYE mnaiacha LUKU. Kodi ya jengo 1,500 kila mwezi inakatwa kwenye umeme wangu. Jengo la nani? La kwangu? Mimi hata msumari nikipigilia ukutani nafokewa.

DadaWaKatubuka: Usinikumbushe! Kwetu mita moja vyumba sita. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Basi tunaviziana. Mwezi uliopita tumekaa giza hadi tarehe 4, kila mtu anajifanya anapenda mshumaa.

Mpangaji_Sugu: Mdaini mwenye nyumba awarudishie.

DadaWaKatubuka: Nenda wewe. Ana mbwa wawili na yeye mwenyewe ni wa tatu.

Babu_Ujiji: Vijana kaeni na adabu, sisi wenye nyumba tunasoma humu.

MaweseHalisi: Babu shikamoo. Nina miezi miwili hapo kwako, nitakuja Jumamosi.

Babu_Ujiji: Marahaba. Kumbe ni wewe?

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Alipiga na TIKI.

DadaWaKatubuka: Leo tarehe 3. Gungu nani ana umeme nije nichaji simu?