Re: Napigiwa simu na shule kila wiki, mtoto mtundu au kusoma kunamshinda?

Mama kijana, Kentucky:
Mwakeye wana Kigoma wote, shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri jamani nimechoka. Kijana wangu ana miaka 9, tumetoka naye Mwanga mwaka jana, la pili alimalizia hapo. Huku Marekani shule wanapiga simu kila wiki, mara kaangusha kiti, mara kajificha chini ya meza, mara anaomba chooni kila saa. Darasani kuna programu ya pointi inaonyeshwa ukutani, watoto wote wanaona nani kakatwa, na jina lake kila siku ndo la mwisho. Nyumbani mbona mtulivu? Sasa mwalimu anataka kumpa laptopu inayomsomea, mi naogopa itamlemaza asijue kusoma kabisa.

Mwalimu, Ujiji:
Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hizo fujo zinaanza saa ngapi? Muombe mwalimu akuandikie siku 5 tu, muda na somo lililokuwa linaendelea. Ukikuta ni kipindi cha kusoma kwa sauti basi huyo si mtundu, anakimbia aibu. Nimewaona wengi hapa Ujiji, mtoto yuko radhi achapwe kuliko asimame mbele ya wenzake akwame kwenye "nyu".

Na usijipe moyo kwamba la pili alivuka. Tangu KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) iingie 2015 tunakazana na silabi, lakini darasa likijaa wanaimba ba be bi bo bu kwa pamoja, na aliyekariri wimbo huwezi kumtofautisha na anayesoma. Mpime mwenyewe leo jioni, mwandikie silabi zilizochanganywa halafu maneno yasiyo na maana, mepu, lofi, takibe, hayo hana pa kuyakariri. Akiyasoma vizuri yawezekana kinachomsumbua ni Kiingereza tu, maana kwetu a ni a popote ilipo, huko a ya cat siyo ya cake wala ya call. Akikwama hata kwa Kiswahili, hapo kuna zaidi na shule iambiwe.

Laptopu usiiogope. Mfano Immersive Reader ya Microsoft inasoma huku neno linalosomwa linawaka, inakata neno silabi silabi, inaficha mistari mingine abaki na mmoja. Aitumie kwenye sayansi na hadithi asipitwe na wenzake. Ila muda wake wa kufundishwa kusoma, na mtu kakaa pembeni yake, usiguswe, kusomewa tu hakumfundishi mtoto herufi. Kwa Kiswahili kuna masomo ya tableti yaliyojaribiwa vijijini Tanga kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, onebillion na Kitkit School wakashinda pamoja 2019, yaliachiwa wazi na yanafanya kazi bila intaneti. Hizo pointi za ukutani omba waziondoe kwake, ajue zake kimyakimya na mwalimu wake. Kumwanika mtoto anayejificha ni kumuongezea sababu ya kujificha.

Kaka, Iowa:
Dada, andika barua kuomba apimwe kwa ajili ya elimu maalumu, weka tarehe, ubaki na kopi. Ni bure, sheria yenyewe inaitwa IDEA. Ukishasaini kukubali wana siku 60 za kumpima, ila jimbo linaweza kuwa na muda wake. Sheria hiyohiyo inakataza kumhesabu mtoto ana ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, kwahiyo omba wampime na kwa Kiswahili. Kwenye kikao cha IEP, yaani mpango wake mwenyewe wa masomo, dai mkalimani, asiwe mtoto wako mkubwa. Sisi tulimtumia binti yetu, nusu ya maneno hakuyatafsiri kwa kumuonea mdogo wake huruma, tukaja kujua baada ya miezi.

Mama kijana, Kentucky:
Asanteni sana. Nimempima jana baada ya kula. Mepu kasoma, lofi kasema "lifo", takibe akasukuma karatasi akataka kutoka nje. Nikamkalisha nikamwambia hata mimi nilikuwa nakwama, akaniuliza, "na wewe walikucheka?" Barua nimeshaandika, naipeleka kesho asubuhi. Mwalimu, naomba unirekodie WhatsApp nya nye nyi nyo nyu unavyozitamka polepole, anaikumbuka sauti yako.