Penye nia pana njia, hata juu ya Kibo? Niligeuzwa njiani, naombeni ushauri kabla sijarudi

MwanaUluguru:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na wenye matusi mpite tu.

Mimi ni mwalimu, miaka 41, sina presha wala kisukari, mazoezi nafanya. Mwaka jana nilipanda Kilimanjaro na walimu wenzangu kwa njia ya Marangu, ule mpango wa siku 5. Kambi ya kwanza, Mandara, nililala vizuri. Kambi ya pili, Horombo, kichwa kikaanza kugonga. Tulipotoka kambi ya Kibo saa sita usiku nikawa natapika njia nzima. Karibu na Pango la Hans Meyer mwongozaji akanimulika tochi, akaniambia nifunge zipu ya koti. Zipu naiona, vidole ninavyo, ila sijui naanzia wapi. Akaniambia nitembee kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma, nikaenda upande. Akasema, "Mama, tunashuka." Nilibisha, nikalia, nikamwambia nimelipa hela yangu. Hakusikiliza.

Sasa kinachonitesa ni hiki: kulipokucha niko Horombo, mzima kabisa, naomba chai na chapati. Wenzangu walirudi na vyeti vyao. Tangu siku hiyo ofisini naambiwa nilikata tamaa mapema. Juzi aliletwa mhamasishaji kuongea na wafanyakazi, akasema vizuizi vyote viko kichwani na aliyeamua kweli hashindwi. Watu wote wakanigeukia mimi.

Desemba 9 wanapanda tena, njia ileile. Mume wangu amesema nisithubutu. Swali langu: nia ikiwa kubwa kweli, mtu anafika? Au kuna watu mlima umewakataa?

Jembe Halisi:
Mwalimu, panda! Huyo mume mwambie asikukatishe tamaa. John Stephen Akhwari kule Mexico 1968 alianguka, goti likateguka, akamaliza marathoni na bandeji mguuni. Kyle Maynard, Mmarekani aliyezaliwa mikono ikiishia viwikoni na miguu karibu na magoti, alifika kilele cha Uhuru 2012 akitambaa. Wewe una miguu miwili unaomba ushauri wa nini? Binadamu akiamua hakuna kinachomzuia.

Kiwanja Kwanza:
Hela ya kupanda mlima mara mbili ungeshamwaga msingi Kingolwira. Nimemaliza.

Mgumu wa Marangu:
Dada shikamoo. Nilianza kama mgumu, nikibeba mizigo ya wageni, sasa naongoza. Huyo aliyekushusha mtumie zawadi. Zipu na kutembea kwa mstari ni vipimo vyetu, maana mgonjwa wa mlima hajijui. Anaona yuko sawa kuliko wote. Mtu aliyechoka anafunga zipu huku anatukana, yule ubongo wake unafanya kazi. Asiyeweza kuifunga hatujadiliani naye.

Na ule uzima wako wa asubuhi ndiyo dalili yenyewe. Horombo ni kama mita 3,720, Kibo ni 4,720. Ulishushwa mita elfu moja na zaidi ukapona bila hata sindano. Ingekuwa ni woga, usingepona kwa kushuka tu.

Jembe Halisi, nikujibu bila ugomvi. Desemba 2010 alikuja Martina Navratilova, bingwa wa tenisi wa Wimbledon mara 9 kwa mchezaji mmoja mmoja, na mwaka huohuo alikuwa ametibiwa saratani ya matiti. Utamfundisha nini huyo kuhusu moyo wa kupambana? Mapafu yalijaa maji, akashushwa, akapelekwa hospitali Nairobi. Halafu kuna mstaafu mwenye kitambi, anatembea kama anahesabu mawe, anafika Uhuru anaimba. Wanaotusumbua zaidi ni vijana wa mazoezi, wanakimbia siku ya kwanza kuonyesha wenzao.

Nesi Mstaafu:
Naongezea kidogo. Watu husema juu oksijeni imepungua, wanadhani hewa yenyewe ni nyingine. Sehemu ya oksijeni ni ileile, karibu asilimia 21, ila mgandamizo wa hewa kwenye mita 5,895 ni karibu nusu ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa kidogo. Mwili una njia zake za kuzoea: unapumua haraka zaidi, figo zinarekebisha damu. Hayo yanahitaji siku, na hayaharakishwi kwa kukaza meno.

Kichwa kuuma na kichefuchefu ni hatua ya kwanza: hapo hupandi zaidi mpaka viishe. Kuyumba na kuchanganyikiwa ni ubongo unavimba. Kukohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa ni mapafu. Hayo mawili unashuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kuna dawa ya acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inasaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Haikupi ruhusa ya kukimbia.

Jembe Halisi:
Sawa, lakini Akhwari mbona hamumgusi? Na Mexico City nako ni juu.

Babu wa Riadha:
Ngoja nimguse mimi. Mexico City ni kama mita 2,240. Akhwari alimaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Heshima yake haifutiki, na mimi nikimtaja huwa navua kofia. Lakini soma vizuri ulichokileta: nia ilimfikisha mwisho, medali haikumpa. Na goti, pamoja na maumivu yake yote, unaweza kuamua kulivumilia. Ubongo ukivimba, huyo anayeamua ndiye anayeugua. Atavumilia nini na kwa akili ipi?

Hata Maynard alikosa viganja na nyayo, si mapafu. Alitafuta namna nyingine ya kusogea, akajiandaa. Huo ni ukaidi wenye akili, naukubali.

Mgumu wa Marangu:
Babu umenena. Na wewe mwalimu, hilo pango ulilogeuzwa lina jina la nani? Hans Meyer mwenyewe, yule Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kileleni, alikwama kwenye barafu 1887 akarudi. 1888 hata mlimani hakufika, alitekwa wakati wa vita vya Abushiri, akakombolewa kwa fedha. Alifika kileleni Oktoba 1889. Mwaka huo alikuja na Purtscheller, mtu aliyezoea milima ya barafu, na akaweka kambi zenye chakula sehemu mbalimbali, ili wakishindwa leo washuke kidogo tu, wajaribu tena. Nia alikuwa nayo tangu 1887. Kilichoongezeka ni mpango.

Wewe tatizo lako ni zile siku 5. Kwa njia hiyohiyo chukua 6, siku ya ziada ulale Horombo: mchana unapanda mpaka Mawe ya Pundamilia, unarudi kulala chini. Bora zaidi njia ya Lemosho ya siku 8. Ukiweza, panda Meru kwanza. Na Desemba hiyo yenu mvua za vuli huwa bado zinacheza.

MwanaUluguru:
Asanteni sana, hasa Mgumu. Nimesoma hapa mpaka nimelia, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa najiona dhaifu.

Nimeongea na wenzangu leo tuongeze hata siku moja. Wamekataa, gharama, na mmoja akasema kundi zima haliwezi kumsubiri mtu mmoja. Basi Desemba nawaacha waende. Lakini mlima siuachi, nawaambia ukweli. Januari ndiyo shule zinafunguliwa, kwa hiyo labda Juni, likizo. Juni kukoje?

Jembe Halisi:
Kumbe na wewe umekubali kushindwa tena...

Kiwanja Kwanza:
Jembe, wewe ulishapanda mlima gani? Jibu kwanza.

Jembe Halisi:
Nimefika Mandara.

Mgumu wa Marangu:
😂😂 Karibu tena Jembe, hata ukiishia Mandara tutakupikia supu.

Mwalimu, Juni ni kuzuri. Masika yamekwisha, anga safi, ila usiku baridi kali kuliko Januari. Glovu na buti njoo na zako, buti uzivae miezi miwili kabla mpaka ziwe laini; vya kukodi pale Moshi vingi vimechoka. Kichwa kikianza kuuma sema palepale, usingoje tukuulize. Mume vipi, amelainika?

MwanaUluguru:
Nimemsomesha uzi mzima. Amesema siku 8 anakubali, siku 5 hakubali, na anataka namba ya mwongozaji ampigie mwenyewe. Nakutumia ujumbe wa faragha.